Kengele 101 Sebuleni Kwangu

Mimi si mtu wa malalamiko, wote mnanijua. Lakini shemeji yangu ametoka kwangu jana usiku wa manane, na mpaka sasa masikio yanavuma.

Ni yule tuliyemchangia. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, mama watoto akawa mweka hazina bila kura, na kila mwisho wa mwezi alinipata kabla ya landilodi. Kijana akaenda kozi fupi Uingereza, siku ya mapumziko akatembelea Oxford, ule mji wa chuo kikuu. Karudi na nini? Sumaku ya kubandika kwenye friji. Sisi hatuna friji.

Sasa kazi yake ni kuzunguka Nairobi akifundisha watu jinsi ya kutembea Oxford bila pesa. Watu ambao mvua ikinyesha, hata nauli ya Githurai ni hesabu!

"Kutoka London panda basi, achana na treni," anasema, na mama watoto anaandika. Anaandika kabisa, kwenye daftari la madeni ya duka.

Makumbusho ya Ashmolean, bure, tangu 1683 yapo. Pitt Rivers, makumbusho mengine, bure. Mimi hapa mjini hata choo nalipia, na nikitoa noti naambiwa ningoje chenji. Koleji kadhaa zina kiingilio, na kwenye moja alijaribu kuongea vizuri na mlinzi. Mlinzi alimwita "sir" mpaka akajikuta nje.

"Lakini kitu kitamu kuliko vyote," akasema, akasimama, akasogeza meza. Mgeni akisogeza meza yako, jua mambo yameharibika.

Kuna kengele inaitwa Great Tom, zaidi ya tani sita, iko kwenye mnara juu ya lango la koleji ya Christ Church. Kila usiku inapigwa mara 101: wanafunzi wa mwanzo walikuwa 100, halafu akaongezwa mmoja. Zamani ilikuwa ya kuwaita warudi ndani kabla lango halijafungwa. Unasimama barabarani unasikiliza, hulipi hata senti.

"Sawa, tumeelewa," nikasema.

Akafumba macho, akaitoa sauti tumboni: "NGOOOO." Kimya. "NGOOOO."

Nikadhani ni mfano. Jamani, mfano huwa mara tatu! Alipofika 12 chai imepoa. Alipofika 30 jirani anagonga ukuta, naye akampungia mkono ukutani kama anayeitikiwa. Mita ya stima ikaanza vile vilio vyake vya tokeni kuisha, tukawa na kengele mbili. Kwenye 58, kitinda mimba wangu, maskini, akauliza, "Anko, umefika ngapi?"

Shemeji akafungua macho. Akafikiri.

"Umenipoteza. Wacha nianze tena."

Akaanza moja! Nikamuuliza, kwa heshima zote, kengele yenyewe hupigwa saa ngapi. "Saa tatu na dakika tano usiku." Na hizo tano ni za nini? Eti Oxford iko magharibi ya Greenwich, kule London saa ya nchi inakopimwa, kwa jua lao wako nyuma dakika tano, na kengele haijawahi kukubali saa ya nchi. Mimi nikiingia kazini saa mbili na dakika tano naandikiwa barua. Kengele ikichelewa, watu wanapanda ndege kuisikiliza! Mwambieni bosi wangu mimi nafuata jua la Githurai.

Stima ikapotea. Giza totoro, na bado, "NGOOOO." Nani atanunua tokeni? Msiniulize.

Gizani humo mama watoto akauliza kama wageni wanaazima vitabu kwenye Bodleian, maktaba ya chuo kikuu cha Oxford. Thubutu! Mwaka 1645 Mfalme Charles I mwenyewe aliomba kitabu, akanyimwa. Hapo ndipo nilipowapenda Waingereza wale. Jirani wa mlango wa pili ana sufuria yangu ya pilau tangu Krismasi, na juzi amekuja kuniuliza kama nina kifuniko chake. Kifuniko! Nikampa, ningefanyaje, mamake ndiye mwenye ufunguo wa tangi la maji, na maji ya ploti yanakuja Alhamisi tu, tena usiku, tena wa ghorofa ya chini wakishashiba, na leo ndiyo Alhamisi na mitungi yangu miwili iko kwa huyo huyo jirani.