Inayong'aa zaidi si lazima iwe na joto zaidi

Asante kwa makala, ila naomba mrekebishe ile sentensi inayosema kwamba kati ya nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, inayong'aa zaidi ndiyo yenye joto zaidi. Wanafunzi wetu wanasoma makala zenu. Chukueni Sirius, tunayoiona huku Mikindani ikipanda upande wa baharini jioni za Januari. Ni nyota mbili. Ile kubwa, uso wake una nyuzijoto kama 9,600 za Selsiasi. Mwenzake, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862, anafika 25,000 hivi, lakini bila darubini humwoni kabisa! Sababu ni udogo wake, maana analingana na dunia yetu tu. Ncha ya sindano iliyopashwa moto mpaka ikawa nyeupe haimuliki kama jiko zima la makaa mekundu, ingawa joto lake ni kali kuliko la makaa.

Joto la uso husomwa kwenye rangi, kama mhunzi anavyokijua chuma chake: kwanza chekundu, halafu cha manjano, kisha cheupe. Jua letu ni 5,500. Umeme ukikatika huwatoa wanangu uani tukatazame rangi, na nyota ya Betelgeuse, nyekundu ile, ina kama 3,300 tu.