"Bosi": neno la waliokataa kumwita mtu bwana

Kiingereza kililichukua neno "boss" kwa Waholanzi. Kwao ni "baas", yaani bwana, au msimamizi wa kazi. Mji tunaouita leo New York ulikuwa wao mpaka Waingereza walipouteka mwaka 1664. Utawala uliondoka, neno likabaki.

Lilishamiri karne ya 19, na sababu yake inanigusa. "Master" ndilo neno ambalo mtumwa wa Marekani alimwitia aliyemmiliki. Kibarua mweupe mwenye kulipwa ujira hakutaka litoke kinywani mwake. "Boss" likamfaa.

Mwaka 1838 mwandishi James Fenimore Cooper aliwakosoa: maana ni ile ile, mmebadili lugha tu. Ana hoja, maana jina jipya haliongezi hata senti moja kwenye ujira. Tena kibarua yule hakuwa akiupinga utumwa. Alitaka tu asifananishwe na Mweusi. Hata hivyo, naona Cooper hakusikia kilichokuwa kikisemwa. Anayekataa kumwita mwajiri wake bwana anatangaza kwamba kinachouzwa pale ni kazi yake, si yeye mwenyewe. Hilo si dogo.

Ushahidi mzito dhidi yangu uko Afrika Kusini. Huko "baas" hilo hilo, kwa Kiafrikana, lugha iliyozaliwa na Kiholanzi, ndilo Mwafrika alilolazimika kumwitia Mzungu. Mtoto wa mwenye shamba aliitwa "kleinbaas", bwana mdogo, na aliyemwita hivyo huenda alikuwa mzee mwenye mvi. Ndipo likatoka "baasskap", jina la siasa ya Wazungu kuwatawala wengine. Neno ambalo Marekani lilimsaidia mtu kuukimbia ubwana, Afrika Kusini lilimfunga nao.

Kwa hiyo siamini kwamba neno lenyewe hubeba heshima au dharau. Mimi huuliza: anayelitamka akinyamaza, atapatwa na nini?

Kwetu dereva wa daladala humwita mwenye gari "tajiri", karani humwita mkuu wake "bosi", na wote wawili wanajua gharama ya kumkasirisha. Lakini pita Kariakoo. Muuza mashati atakushika mkono: "Bosi wangu, karibu, hili kama umeshonewa wewe!" Ukimwambia huna hela, anauachia mkono wako bila kinyongo na kumgeukia anayekuja nyuma yako: "Bosi wangu, karibu!"