Wale Waliofika Wakiwa Wamechelewa

Kwa mwaka mmoja na ushee niliwahi kujaza ripoti za mradi mdogo wa kifua kikuu. Jina la mradi halina haja hapa. Ripoti yenyewe ilikuwa jedwali: waliopona, waliomaliza dozi, waliotoroka, waliofariki. Safu ya mwisho ndiyo tuliyoiogopa, kwa sababu ikinenepa, simu inapigwa kutoka juu. Siku moja akaletwa mzee mmoja, mbeba mizigo wa sokoni, kakalishwa katikati ya bodaboda na mwanawe kamshikilia kwa nyuma. Mizani ikasoma kilo 37. Alikuwa amejiziba mdomo na kipande cha kanga, na kanga ilikuwa na damu. Bosi wangu akamtazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kabisa, "Huyu mwandikieni rufaa." Nikaandika. Kitabibu rufaa haikuwa na kosa, lakini sote mle chumbani tulijua tunamhamishia mzee kwenye jedwali la watu wengine.

Kwa hiyo nilipokutana na historia ya sanatoriamu, yaani hospitali za kulaza wagonjwa wa kifua kikuu, za Wayahudi za mji wa Denver, Marekani, sikuisoma kama mtu asiye na upande.

Mwishoni mwa karne ya 19 TB haikuwa na dawa. Robert Koch alishamwona kimelea wake kwenye hadubini tangu 1882, lakini kumwona mwizi si kumkamata. Madaktari waliagiza hewa kavu, jua, kulala sana, maziwa na mayai. Denver, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa na jua na hewa ya kumwaga, ila kitanda na chakula vilikuwa vya kulipia. Wagonjwa walikuwa wakishuka kwenye treni na nauli ya kuja tu. Wengi walikuwa Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki, watu wa viwanda vya nguo, waliokoholeana mchana kutwa katika vyumba visivyopitisha hewa. Haikuwa ajabu watu wakauita ugonjwa wa mafundi cherehani.

Mtu aliyelipigia kelele jambo hili mjini ni Frances Wisebart Jacobs, mama ambaye akienda kuwatembelea maskini hubeba sabuni. Nampenda kwa sabuni ile kuliko kwa hotuba zake. Jiwe la msingi la hospitali ya kuwalaza wagonjwa hao likawekwa Oktoba 1892. Mwezi huohuo, katika mji huohuo, David Edelstadt, mshairi wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, aliyekuwa akishona matundu ya vifungo kiwandani, akafa kwa TB akiwa na miaka 26. Novemba akafa Frances mwenyewe, kwa nimonia. Mwaka uliofuata bei ya madini ya fedha ikaporomoka, na Colorado ilikuwa inaishi kwa migodi hiyo. Michango ikakauka, na jengo likakaa tupu miaka 6. Hebu fikiria mgonjwa anayepita pale kila siku akikohoa, analitazama.

Lilifunguliwa tarehe 10 Desemba 1899, baada ya chama cha Kiyahudi cha B'nai B'rith kubeba jukumu la kuchangisha nchi nzima. Likaitwa National Jewish Hospital for Consumptives, yaani hospitali ya Kiyahudi ya taifa ya wagonjwa wa TB, na kauli yake ilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kulipa haingii, na aliyeingia hana cha kulipa. Mgonjwa wa kwanza kupokelewa hakuwa hata Myahudi: alikuwa mwanamke mwenye asili ya Uswidi, kutoka Minnesota. Hapo nawavulia kofia.

Ila kulikuwa na masharti. Walichukua wagonjwa ambao ugonjwa umeanza tu. Muda ulikuwa miezi 6. Na jiko halikufuata sheria za vyakula za dini ya Kiyahudi, kwa kuwa waliokuwa wakiiendesha hospitali ni Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, waliokwisha kuzoea Marekani, na mambo hayo waliyaona ya kizamani. Mtu aliyetoka kijijini Urusi, hajawahi kutia mdomoni nyama isiyochinjwa kwa sheria yake, anaambiwa ale supu hiyo ndiyo atapona. Wasomaji wangu wa Mombasa na Unguja sina haja ya kuwaeleza hilo lina uzito gani.

Sijifanyi siwaelewi. Vitanda vilikuwa 60, na foleni ilianzia New York. Ukimpa kitanda mtu wa kufa wiki ijayo, umemnyima kijana ambaye angepona. Ni hesabu ya kweli. Nami niliifanya, kwenye jedwali langu. Lakini hesabu hiyo haisemi yule wa wiki ijayo alale wapi, na Denver jibu lilikuwa chumba cha kupanga, mpaka mwenye nyumba asikie kikohozi.

Waliokasirika hawakuwa matajiri. Mwaka 1903 kikundi cha wafanyakazi, wahamiaji wa Ulaya Mashariki, baadhi yao wenyewe wagonjwa wa TB, walikaa wakachangishana. Kikao cha kwanza kikaambulia dola 1 na senti 10. Sisi tuliokulia kwenye michango ya harusi na misiba tunaijua fedha ya namna hiyo, ile inayohesabiwa mara mbili kwa matumaini kwamba imekosewa. Mwaka 1904 kikazaliwa chama chao, Jewish Consumptives' Relief Society, na Septemba mwaka huo wakapokea wagonjwa 7, nje ya mji, barabara ya West Colfax. Majengo hawakuwa nayo. Walikuwa na mahema.

Walipokea mgonjwa wa hatua yoyote, bila malipo, na jiko lilikuwa la sheria yao. Katibu wao, Dakta Charles Spivak, alikuwa ameikimbia Urusi kwa sababu za siasa, akafanya vibarua Marekani kabla ya kusomea udaktari Philadelphia, na alihamia Denver kwa ajili ya afya ya mkewe. Kauli waliyoichagua ilitoka kwenye Talmudi, kitabu cha sheria na mafundisho ya dini ya Kiyahudi: anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa ulimwengu mzima. Msomaji wa Kurani atalikumbuka neno hilo katika Sura ya Maida, aya ya 32, likinasibishwa na Wana wa Israeli.

Hospitali ile ya kwanza haikuwafurahia. Viongozi wake waliona fedha za wafadhili zitagawanyika, na mji utajaa maskini wa kuwatia Wayahudi wote aibu mbele ya majirani. Ugomvi ulikuwa mkali. Wa mahema nao hawakuwa malaika, walijua kuutumia ugomvi huo kuchangishia. Barua zao zilifika kwenye vyama vya wafanyakazi na majumbani mwa watu wa senti tano tano, na hizo senti ndizo zilizojenga. Mwishowe mahali pale palikuwa na ng'ombe wake wa maziwa, jarida lake, na posta yake yenyewe iliyoitwa Spivak, Colorado. Wagonjwa waliandika mashairi kwa Kiyidishi, mshairi H. Leivick alilazwa hapo miaka ya 1930 na akaendelea kuandika.

Je, waliponya? Wachache, kwa kipimo cha leo. Hewa haiui kimelea cha TB. Chakula kizuri na mapumziko humwongezea nguvu mwenye bahati, na wengi hawakuwa na bahati. Kama mradi wangu ungekagua vitabu vya West Colfax, safu ya mwisho ingewatia hofu. Dawa zilifika baada ya kugunduliwa kwa streptomaisini mwaka 1943, kisha isoniazidi ikaanza kutumika 1952, na wale wa mahema wakageukia saratani. National Jewish iko mpaka leo, inatibu magonjwa ya mapafu. Ile miezi 6 nayo ilirudi kwa mlango mwingine: mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walijaribu kufupisha matibabu kutoka mwaka na zaidi hadi miezi hiyo, na yakafaa. Dozi aliyopaswa kuanza mzee wa kanga ilitoka huko.

Mzee huyo sikumfuatilia. Rufaa ilikuwa na nakala mbili, moja ikabaki kwenye faili letu.

Spivak alikufa 1927. Katika wasia wake aliagiza mwili wake upelekwe chuo cha udaktari kilicho karibu, upasuliwe na wanafunzi Wayahudi na wasio Wayahudi kwa idadi sawa. Wakimaliza, mifupa iunganishwe na fundi anayeijua kazi hiyo, kisha isafirishwe hadi chuo kikuu cha Jerusalem, ikafundishie darasani.