Pointi chungu kimoja, anwani ya wapi?

Jamani, nani aliyewaambia watu wa ndege kwamba kila nyumba duniani ina namba mlangoni? Tulikaa watu watano, mimi, mke wangu, mama na vijana wawili, tukasema pointi zetu za safari, zile unazopewa ukipanda ndege, tuzitie chungu kimoja. Kila mtu ana vijipointi vyake, havimpeleki hata Mombasa. Shirika linaruhusu akaunti ya nyumba moja, sharti wote muwe na anwani moja.

Anwani! Sisi tunakaa Mkomani, mji wa kale wa Lamu, ukipita msikiti unaingia kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Fomu haitaki hayo. Nikaandika sanduku la posta, 80500 Lamu, ikakataa: lete jina la barabara. Barabara ipi, na mji huu ulijengwa gari halijazaliwa? UNESCO wametuona tangu 2001, wakatutia kwenye orodha ya urithi wa dunia, hii fomu bado.

Mama ndiye aliyenimaliza. Akaunti yake ina sanduku la posta la marehemu baba, basi mfumo unamwona mgeni. Mama mzazi, tunakula sinia moja!

Nikapiga simu. Kijana wa shirika, kwa adabu zote, akaniambia nitume bili ya umeme. Umeme wetu wa tokeni, bili naitoa wapi?

Na pointi za mama zinaisha muda Desemba. Juzi tumevuka na boti hadi Manda kupanda ndege, kila mtu na tiketi yake, pesa taslimu.