Mashine ya polishi ikichoka: isukwe, inunuliwe ileile, au tuhamie DA?

Kwenye gereji ya bodi na rangi, mashine ya polishi ya kuzunguka, ile ya rotary, ndiyo inayofunga kazi. Klia, yaani ile tabaka angavu inayopigwa juu ya rangi, ikishakauka, fundi anapita na msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kuondoa vinundu na vumbi lililonasa. Baada ya hapo ni kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, na pedi ya manyoya ya kondoo mpaka mng'aro urudi. Siku mashine hiyo inapoanza kurusha cheche, kunuka vanishi na kuishiwa nguvu ukiikandamiza kidogo, mabishano huanza palepale. Wazee wanasema ipelekwe kwa fundi wa kusuka mota, yaani kuifunga waya mpya. Mwenye gereji anataka mpya. Vijana wanasema rotary imepitwa na wakati, inunuliwe DA, yaani dual action, mashine ya polishi yenye mwendo wa aina mbili.

Kila upande una hoja, ila wanaanza kujibu kabla hawajaifungua mashine.

Upande wa kutengeneza una nguvu kuliko wauza mashine wanavyopenda kukiri. Rotary nyingi bado zinatumia mota ya kaboni: vipande viwili vinavyosukumwa na springi vigusane na shaba ya amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, na vimewekwa pale ili viishe. Fungua vile vifuniko viwili vya pembeni kwa bisibisi bapa, vitoe uviangalie. Vikiwa vimekaribia mstari wa kikomo uliochongwa ubavuni, badilisha vyote viwili kwa pamoja. Kuna kaboni zilizotengenezwa zikate umeme zenyewe zikifupika, hivyo mashine inazima ghafla huku mota ni nzima kabisa. Ukiiuza mashine ya namna hiyo kama chuma chakavu, umegawa mali. Swichi, waya uliokatika kwenye shingo na beringi ni kazi ndogo pia. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake, unaenda nayo dukani.

Amecha ni habari nyingine. Washa mashine mahali penye giza kidogo uchungulie kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto ukizunguka duara zima la shaba, mara nyingi koili imeungua. Inasukwa, ndiyo, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Shida ni mizani: amecha inazunguka kwa kasi kubwa sana kabla giaboksi haijaipunguza mpaka raundi 600 hadi 3000 hivi kwa dakika kwenye sponji. Ikisukwa kwa mkono bila kupimwa mizani, mtetemo unarudi kula beringi mpya ulizoweka juzi, na mkono wa fundi unakufa ganzi kabla hajamaliza boneti. Kwa hiyo mimi nagawa hivi: kaboni, swichi, waya na beringi, tengeneza wala usiulize mtu. Amecha ya mashine ya jina ambayo spea yake orijino inapatikana, piga hesabu. Amecha ya kopi isiyojulikana ilikotoka, achana nayo.

Tuseme imeshindikana. Hapa ndipo DA inapoingia, na hoja yake si ya kupuuza. Sponji ya DA inazunguka huku inayumba: milimita 15 au 21 kwenye Rupes BigFoot, milimita 8 kwenye Flex XC 3401, ambayo mzunguko wake unalazimishwa na gia. DA ya kawaida ukiibana kupita kiasi inagoma kuzunguka, yamekwisha. Rotary haigomi. Inaendelea kuzunguka sehemu ileile na joto linapanda. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50 tu, na kwenye kingo za milango, mistari ya boneti na pembe za bampa huliwa haraka zaidi. Bampa ndilo baya kuliko yote, maana plastiki haisambazi joto kama bati. Ukizubaa sekunde chache unaona rangi ya chini, na hapo hakuna kompaundi itakayokuokoa. Ni kupiga rangi upya, gharama juu ya gereji.

Kuna na zile alama za mawimbi ambazo rotary inaacha kwenye gari jeusi. Ndani ya banda huzioni. Mteja anaziona kesho yake kwenye maegesho, jua la saa sita, akiwa na wenzake wa kazini.

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na vijana. Video nyingi wanazoangalia ni za watu wa usafi wa magari, si wa bodi. Gari la kwenye video lina rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo ya kuoshea. Fundi wetu ana paneli nzima ya klia mbichi yenye alama za msasa, na gari linasubiriwa. Hapo rotary yenye manyoya inakata kazi mapema. DA nayo inafika, hasa ukiongeza pasi ya msasa namba 3000 na kutumia pedi ya mikrofaiba, lakini inakula muda. Ukiibana kwa haraka zako, joto linajaa katikati ya pedi, velkro inalegea, na pedi inaruka.

Njia ambayo watu hawaitaji hadharani ni ya kufunga sponji kwenye grenda. Grenda ya inchi nne na nusu inafika raundi kama 11,000 kwa dakika. Hiyo ni kuchoma rangi, tena sahani inayobeba sponji ikipasuka inaondoka na jicho la mtu.

Kwa gereji ambayo mkate wake ni kunyoosha na kupiga rangi, basi, ningenunua rotary tena. Iwe ya kuanza polepole, maana ile inayoruka na kasi yote ukibonyeza swichi inarusha kompaundi hadi kwenye ukuta. Na kasi isishuke ikibanwa. Ijaribu dukani kwa kuikandamiza, usiridhike na ngurumo yake ikiwa hewani. Mashine za mtumba kutoka Japani nyingi ni imara kweli, lakini umeme wa kule ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu za Tanzania bila transfoma ya kupunguza, umeiua. Za Marekani ni volti 120, na ekseli zake kwa kawaida ni za uzi wa inchi 5/8, wakati sahani nyingi zinazouzwa huku ni za M14, yaani uzi wa milimita 14. Hapo utanunua na sahani pia.

DA ningeinunua ya pili, kwa pasi ya mwisho ya magari meusi na kwa wateja wanaoleta gari zima la rangi ya kiwandani kung'arishwa. Gereji ambayo wateja wa namna hiyo wameshapita wale wa ajali igeuze mpangilio: DA kwanza, rotary ya zamani isukwe tu ibaki ya akiba.

Swali ambalo bei haiwezi kulijibu ni nani atakayeishika. Kama ni kijana aliyeingia gereji mwaka huu, apewe DA hata kama kazi itachelewa. Rotary afundishwe kwenye boneti bovu lililotupwa nyuma ya banda, kingo zimefunikwa tepu ya karatasi, mpaka aweze kuinua mashine bila kuacha alama ya mviringo.