Laini ya akiba inalipiwa, ofisi iko gizani

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja iliyokaa bila intaneti tangu asubuhi. Laini ya kwanza imekufa. Chini ya meza ya mapokezi ruta ya laini ya pili inawaka, ina huduma, mwezi umelipiwa, na wafanyakazi wanatuma barua pepe kwa bando zao za simu. Iliniuma sana, maana si ofisi ya kwanza kuikuta hivyo.

Kwenye swichi inayoelekeza mawasiliano ya ofisi, ya Cisco, kulikuwa na ruti tuli (njia zilizoandikwa kwa mkono) mbili za 0.0.0.0/0, yaani kwenda kokote nje: moja kwenda 10.0.0.1, ruta ya laini ya kwanza, nyingine kwenda 10.0.0.5, ruta ya laini ya pili, yenye umbali 200 (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo hutangulia). Ruti tuli usiyoiandikia umbali huwa na 1, kwa hiyo ile ya 200 inakaa nje ya jedwali la njia zinazotumika ikisubiri mwenzake aondoke. Ataondokaje? Bila kipimo, husubiri poti yake izimike. Faiba ilikatwa na wachimba mtaro huko barabarani, lakini kebo fupi kati ya swichi na ruta ya mtoa huduma haijaguswa. Poti inawaka kijani, na swichi inasukuma pakiti kwa ruta isiyo na pa kuzipeleka. Hata Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, poti ya ofisini haikuwa na sababu yoyote ya kuzimika.

Mafundi wenzangu, tuache kumuuzia mteja laini ya pili bila kuweka kipimo. Washeni IP SLA, kipimo cha Cisco cha kuangalia kama laini inafika nje: pingi (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) kila sekunde 5 kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google, ruti ya kwanza ifungwe na track, kifuatiliaji cha kipimo hicho, majibu yakikosekana iondoke. Halafu 8.8.8.8 yenyewe iandikiwe ruti yake ya /32, yaani ya anwani hiyo moja tu, kupitia 10.0.0.1. Wengi wanairuka hatua hii. Bila hiyo, laini ikihama, pingi inajibiwa kupitia laini ya pili, swichi inaamini ya kwanza imepona, inairudisha, inakwama tena, na mteja anapata intaneti ya kuwaka na kuzima kutwa. Na anwani mliyoifunga hivyo msizipe kompyuta kama DNS (seva ya kutafutia majina ya tovuti), kwa sababu laini ya kwanza ikifa nayo haifikiki.

Kila ruti ipeni jina, jamani. Ruti isiyo na jina hakuna anayethubutu kuifuta.

Wapo watakaosema tutumie OSPF, itifaki ya ruta kupashana njia zenyewe. Kati ya matawi yenu, sawa. Kwa laini za kawaida za ofisi ndogo, mtoa huduma gani atakufungulia? Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ziko swichi za bei nafuu zisizo na kipimo hiki. Basi ruta ibebe kazi hiyo.

Na siku ya kukabidhi msichomoe kebo kwenye swichi. Hapo poti inazimika, laini inahama vizuri, mteja anasaini, na hakuna kilichojaribiwa. Chomoeni faiba nyuma ya ruta ya mtoa huduma, mwenye ofisi akiwa hapo hapo, kisha mwambieni atume barua pepe.