Josh Gibson Hakupewa Sadaka

Tangu Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilipoingiza takwimu za ligi za weusi, waliokuwa wamefungiwa nje yake, katika kumbukumbu zake rasmi, kila Josh Gibson, nyota wa ligi hizo, anapotajwa hazikosi sauti za kutueleza kwamba wastani wake wa upigaji wa 0.372, yaani mipigo 372 iliyofanikiwa katika kila majaribio 1,000, uliompiku Ty Cobb, mzungu aliyeshikilia rekodi hiyo kwa 0.367, ni sadaka ya watu walioona haya. Maneno hayo yamenichosha.

Wanasema alicheza mechi chache. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba Cobb alicheza misimu 24 na alishika gongo mara nyingi zaidi. Lakini uchache huo uliletwa na nani? Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, timu alizochezea Gibson, zilijikimu kwa kuzunguka na basi mji baada ya mji, zikicheza na yeyote aliyekubali, na mechi hizo hazihesabiwi. Waliomfungia mlango ndio walioifupisha hesabu yake, na leo ufupi huohuo unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ajabu ya haki!

Tena husahaulika kwamba alikuwa mdakaji. Wakati Cobb alisimama mbali uwanjani akisubiri mpira umfikie, Gibson alichuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni na kinga kifuani katika joto la Julai, akipokea mipira ya mrushaji, ukiwemo ule unaodunda vumbini na ule unaochepuka kwenye gongo na kumgonga vidole, kisha akainuka, akavua yote hayo, akaenda kupiga. Kwa kazi hiyo, mwaka 1943, ambao aliuanza akiwa amelazwa hospitalini, alipata wastani wa 0.466. Wanaomsifu kwa kumwita “Babe Ruth mweusi” wakumbuke kwamba Ruth, mpigaji mzungu mashuhuri, hakuifanya kazi hiyo katika ligi kuu.

Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu hivi kabla Jackie Robinson, aliyevunja kizuizi cha rangi katika ligi kuu, hajaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Cooperstown, jumba la heshima la besiboli, ilimtambua mwaka 1972, ilhali kaburi lake Pittsburgh lilibaki bila jiwe la jina hadi 1975.

Anayetaka kuweka alama ya nyota, ile ya kutilia rekodi shaka, kando ya 0.372 na aiweke, mradi aanze na 0.367 ya Cobb, ambaye katika ligi yake hakuwahi kurushiwa mpira hata mmoja na mrushaji mweusi.